Mkono wa Mchunaji na Karatasi ya Kwanza

Walimvunja mkono wa kushoto juu ya jiwe la mtoni, kwa jiwe jingine la mtoni, mapigo matatu, nami nimesimama umbali wa hatua kumi. Wawili walimkalia mgongoni, wa tatu aliuvuta mkono kwa kamba ya kufungia mbuzi ili unyooke. Pigo la kwanza lilivunja vidole, la pili kifundo. La tatu sikuliona kwa sababu nilikuwa nimegeuza uso. Waliamini kwamba mkono ule ulikuwa umempasua mtu kichwa muda mfupi kabla. Ushahidi wao ulikuwa karatasi iliyolowa maji, yenye ukubwa wa kiganja, na karatasi hiyo niliitengeneza mimi.

Nitaeleza mambo kwa mpangilio wake.

Nilitoka Tanga na kamera ya sanduku kabla sijatimiza miaka thelathini, wakati Mwingereza bado anatawala. Lilikuwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu, lenzi moja mbele, na nyuma mfuko wa kitambaa cheusi ambao niliuvaa kama mkono wa koti mpaka kiwikoni. Ndani mlikuwa na vibakuli viwili vya dawa. Sikuhitaji chumba cha giza. Giza lilikuwa humo sandukuni, nami nililibeba begani kutoka stesheni hadi stesheni: Korogwe, Same, Moshi, mpaka reli ilipoishia Arusha.

Kamera ya namna hiyo haitoi picha mara moja. Kwanza hutoa karatasi ambayo fundi wangu wa Tanga aliiita kinyume. Katika kinyume, kilicho cheusi huwa cheupe na kilicho cheupe huwa cheusi. Hilo kila mtu huliona na kucheka. Lakini kuna jambo la pili ambalo watu hawalioni: kulia huwa kushoto. Aliyeshika kikombe kwa mkono wa kulia utamwona amekishika kwa wa kushoto. Ili kupata picha ya kweli, kinyume hubandikwa kwenye kibao mbele ya lenzi na kupigwa picha tena, na hapo kila kitu hurudi mahali pake. Kazi hiyo ya pili huchukua dakika kumi. Fundi wangu alinifundisha mengi, lakini sheria aliyoirudia kila asubuhi ilikuwa moja, kwamba kinyume haonyeshwi mtu. "Ni sawa na kumkaribisha mgeni kabla hujafagia," alisema.

Riziki yangu ilitokana na watu waliotaka kupigwa picha wamesimama wima karibu na kiti, saa ya kuazima mkononi. Karatasi zangu za ziada nilizitumia kwa watu ambao hawakuniomba. Nilipenda kuwapiga wakila. Katika kila mji niliandika kwenye daftari mahali, chakula, na upande jua lilikotokea. Arusha ilijaza kurasa nyingi kuliko miji mingine, na nilipozisoma baadaye niliona kwamba karibu kila ukurasa una mtu anayepigwa.

Kuna mama wa Kimeru aliyeshusha mkungu wa ndizi kutoka mgongoni. Picha inayofuata ni ya ndizi zile zile zimekanyagwa, kwa kuwa alizitua nje ya mstari wa chokaa. Aliyezikanyaga alikuwa msimamizi wa soko, mtu wa shati jeupe la mikono mirefu, lililonyooshwa kwa pasi hata siku za matope, na kiboko cha ngozi kwapani. Kule Nduruma, kwenye mkonge, kuna vibarua wamechuchumaa kwenye mstari wanakula ugali na maharage. Wa mwisho amesimama na sahani yake. Asubuhi ile alikuwa amechapwa, hakuweza kuchuchumaa. Nyapara aliniuliza kwa nini nimemweka na yeye kwenye picha. Nilimwambia ni kwa sababu ndiye mrefu.

Nilipanga chumba Kaloleni. Kutoka pale mpaka banda la nyama choma ulikuwa mwendo wa kumaliza sigara moja. Banda lilikuwa mwisho wa kiwanja cha soko, upande wa mto Themi: nguzo nne, bati, magogo ya kukalia, meza ya kukatia, na kamba ambako mbuzi alining'inizwa. Walifanya kazi watu wawili, mkataji na mchunaji.

Mchunaji alikuwa Mmeru, mkulima wa kahawa na migomba huko juu mlimani, Mlutheri asiyekosa Jumapili. Alishuka mjini siku za mnada kuchuna. Alikuwa mashoto. Kisu kikiwa katika mkono wake wa kushoto, ngozi ilimtoka mbuzi kama shati. Watu walisimama kumtazama. Lakini hakuna aliyepokea nyama kutoka kwake. Mkono wa kushoto haumpi mtu chakula; watu wa pale walilijua hilo tangu wakiwa watoto, nami wa Tanga nililijua vilevile. Basi kuchuna alichuna, kugawa akagawa mkataji. Hakuna aliyeuandika utaratibu huo, na wote waliufuata, pamoja na mchunaji mwenyewe.

Siku hiyo mkataji alikuwa na homa.

Mchunaji alichuna, akakata, akaweka vipande mezani, na wateja wengi walijiokotea wenyewe bila maneno. Kisha akaja dalali wa mbuzi. Huyu alikuwa mtu wa sauti, anayejulikana kutoka Terrat mpaka mlimani, na watu walimpenda kwa sababu alikuwa akiwachekesha. Alikaa kwenye gogo, akapiga paja.

"Ini! Ini na chumvi, upesi, mbuzi wangu wana kiu."

Mchunaji alikata ini, akalichoma kwa ncha ya kisu, akamnyooshea. Kisu kilikuwa kushoto.

Dalali hakupokea. Aliwageukia watu. "Jamani, nimemkosea nini huyu? Ndugu yangu, huo si ndio mkono wa kutawazia?"

"Ndio huo," alisema mchunaji. "Na juzi ulikula nyama iliyochunwa na mkono huu, ukalamba mpaka mfupa."

"Juzi sikuuona!"

"Na leo fumba macho."

Watu walicheka, na waliyemcheka ni dalali. Yeye hakulizoea hilo. Alilichomoa ini kwenye ncha ya kisu akamtupia mbwa. "Kula, mwanangu," alimwambia mbwa. "Wewe huna kabila wala dini."

Mchunaji aliweka kisu chini akachukua rungu la kuvunjia mifupa ya supu. Lilikuwa la mti mgumu, limekolea mafuta. Dalali hakusogea.

"Piga," alisema. "Ila badilisha mkono kwanza, nisije nikafa na mkosi."

Sasa kicheko kilimgeukia mchunaji. Alisimama vile kwa muda, rungu juu, kifua wazi, damu ya mbuzi imemkauka mpaka mabegani. Kisha mkono ulishuka. Nilimwona akichukua ndoo ya utumbo na kutokea nyuma ya banda, kuelekea mtoni. Rungu aliliweka wapi, sikuona. Nilikuwa nimeinama naweka karatasi.

"Mpiga picha!" dalali aliniita. "Usipoteze karatasi kwa mashoto. Nipige mimi, nikila ubavu. Uipeleke Tanga waone watu wa Arusha tunavyoshiba."

Nilisimamisha miguu ya kamera. Alikaa akinitazama, ubavu kinywani. Nyuma yake alining'inia mbuzi mzima aliyechunwa, na nyuma ya mbuzi kulikuwa na watu wakipita kwenda na kurudi mnadani, na moshi. Jua lilikuwa kali. Niliondoa kifuniko cha lenzi, nikahesabu moja, nikakirudisha. Katika kuhesabu ile moja nilisikia mlio kama wa nazi inayopasuliwa kizingitini.

Dalali aliangukia mbele, uso ukaingia kwenye majivu. Watu walikimbia kwanza, kila mmoja upande wake, wakapindua meza, mmoja akakanyaga makaa akapiga ukelele. Kisha wakarudi wote kwa pamoja. Wakamvuta dalali kwa miguu mpaka kivulini. Kichwa kilikuwa kimebonyea nyuma ya sikio, pumzi inakoroma.

Nilichofanya wakati huo hakinipendezi, lakini ndicho nilichofanya. Mtu alikuwa chini anatoka damu, nami niliingiza mkono kwenye mfuko mweusi nikaanza kuisafisha karatasi kwa dawa. Nilitaka kujua nimepata nini.

Nilikuwa nimepata kila kitu. Mkono wa mtu ukiinuka kupiga, ukifika juu kabisa husimama kidogo kabla ya kushuka, na kamera ya sanduku, ambayo haiwezi kumshika hata kuku anayetembea, iliushika mkono huo umesimama. Dalali anatafuna. Nyuma yake mbuzi. Kutoka nyuma ya mbuzi umetokea mkono peke yake, bila kichwa wala mwili, umeinua rungu. Nilikitumbukiza kinyume kwenye ndoo ya maji na moyo wangu ulifurahi. Ndiyo, ulifurahi.

Msimamizi wa soko alisimama mbele yangu. "Umepiga?"

"Nimepiga, bwana."

"Lete."

"Bado haijawa picha, bwana. Nipe dakika kumi niimalizie."

"Lete, nimesema."

Kiboko kilikuwa kimeshatoka kwapani. Ningeweza kuitupa ile karatasi juani ikaharibika, au kuipasua. Nilimpa.

Aliitazama, na watu wakaitazama juu ya mabega yake. Kwanza walicheka, maana nyuso zilikuwa nyeupe kama zimepakwa unga. "Dalali amekuwa Mzungu!" mmoja alisema, na dalali yuko chini anakoroma. Kisha kicheko kikakatika. Katikati ya weupe ule kulikuwa na mkono mmoja mweusi, mweusi tangu begani, umeshika rungu, na ulikuwa wa kushoto.

"Kushoto," alisema msimamizi. Kisha akapaza sauti: "Kushoto! Mkono bila nguo, wa kushoto!"

Katika soko lile mashoto aliyefanya kazi kifua wazi alikuwa mmoja tu, na kila mtu alikuwa amemwona ameinua rungu.

"Imegeuka," nilisema.

"Nini?" aliuliza mtu aliyekuwa karibu nami.

"Karatasi. Imegeuka. Hiyo siyo yenyewe."

"Wewe ndiye uliyegeuka," alisema, na akanisukuma kifuani nikaishikilia kamera isianguke. Nilisema tena mara mbili. Sauti yangu ilikuwa ya mtu anayeomba radhi, sauti ya mgeni, na wao walikuwa wameshaanza kukimbia. Niliwafuata. Njiani waliokota fito na mawe.

Mchunaji alikuwa amechuchumaa majini anageuza utumbo. Aliposikia vishindo aliinua uso. "Mmekuja wengi," alisema. "Supu haijaiva." Alidhani wanakuja kumcheka.

Kilichofuata nimeshakieleza.

Askari walikuja wakipiga. Hawakuuliza nani amefanya nini; walipiga virungu kila mgongo uliokuwa karibu, waliovunja na waliotazama, na mimi nilipata wangu begani. Mwanamke aliyekuja kuchota maji alipigwa mtungi ukavunjika kichwani kwake. Sajini, mtu mzima mwenye kofia ya tarabushi, alimwinua mchunaji kwa shingo. Mkono ulibaki unaning'inia nyuma kama kitu cha mtu mwingine. Msimamizi alimkabidhi sajini ile karatasi, naye akaiweka katikati ya kitabu chake cha kumbukumbu. Dalali alipelekwa hospitali juu ya mlango uliong'olewa.

Asubuhi iliyofuata, kabla sijafungua dirisha, mtu aligonga mlango wangu kwa ngumi, kama anayetwanga. Alikuwa mwanamke mwenye umri wangu, amejifunga kanga mbili, amebeba kibuyu.

"Wewe ndiye mwenye sanduku?"

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Sikukuja kukaribishwa. Mimi ni mke wa yule mliyemvunja."

Nilimwambia sikumgusa mume wake. Alinitazama kama mtu anayesubiri mtoto amalize uongo.

"Dalali hajaamka," alisema. "Nimetoka hospitali sasa hivi. Hajafumbua jicho. Akifa, mume wangu atanyongwa. Mkono umekwisha, sikuja kudai mkono. Nimekuja kudai shingo."

Nilimweleza habari ya kinyume. Nilipomaliza aliniuliza swali moja.

"Ulijua jana?"

"Nilijua."

Alikinyanyua kile kibuyu nikadhani atanipiga nacho. Alinipa nikibebe. Kilikuwa na loshoro, uji wa mahindi na maziwa ya mgando, chakula cha mgonjwa. "Tembea," alisema. "Sanduku lako pia lichukue."

Sajini alikuwa barazani mwa kituo anakunywa chai. Nilimwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ushahidi ni ushahidi, karatasi haina kulia wala kushoto, ina mbele na nyuma. Mwanamke alisimama uani na jua likimpiga usoni.

"Afande," nilisema, "nakuomba nikupige picha moja. Bure. Piga saluti."

Hilo alilipenda. Alivaa kofia, akafunga vifungo, akasimama kwenye ngazi, kifua mbele, mkono wa kulia kwenye paji. Askari wengine walitoka ndani kutazama. Nilisafisha karatasi, nikaitoa, na kwa mara ya pili katika siku mbili nilivunja sheria ya fundi wangu: nilimpa kinyume mkononi.

Aliitazama. Uso ulimbadilika polepole.

"Mimi," alisema, "mimi napiga saluti kwa mkono wa kushoto?"

Askari mmoja alicheka. Sajini alinipiga kibao, na kabla sijanyooka akanipiga cha pili kwa nyuma ya mkono, pete yake ikanipasua mdomo. "Miaka yangu yote! Na Inspekta yuko ndani! Unataka anione hivi?"

"Ndivyo ilivyo, afande," nilisema, na damu ilikuwa ikinidondokea shatini. "Ndivyo jana ilivyokuwa. Nipe dakika kumi."

Sijui kwa nini alinipa. Nilikibandika kinyume chake kwenye kibao, nikakipiga, nikasafisha. Alipoishika ile karatasi ya pili alijiona amesimama vizuri, mkono wa kulia, kama alivyosimama. Aliziweka karatasi mbili sambamba juu ya meza ya chai, akazitazama muda mrefu, akainua mkono wake wa kulia, akautazama na wenyewe. Kisha akaingia ndani akatoka na kitabu cha kumbukumbu.

"Moja tu," alisema. "Ya Serikali. Ukitoa mbili nakuweka ndani."

Alisimama juu yangu wakati wote. Nilipoitoa ile picha kwenye maji aliinyakua pamoja na kinyume chake, ikiwa bado inachuruzika, lakini niliiona. Dalali mweusi anatafuna ubavu. Nyuma yake mbuzi. Na kutoka nyuma ya mbuzi umetokea mkono wa kulia, na haukuwa bila nguo. Ulikuwa umevaa nguo nyeupe, mikono mirefu, imefungwa kifungo. Weupe ule ndio uliokuwa umegeuka weusi tukauona kama ngozi.

Mwanamke aliomba aone. Sajini alimwonyesha kwa mbali.

"Mume wangu hana shati kama hilo," alisema. "Analo jeupe la kanisani, la mikono mifupi, na liko kwangu."

"Shati huvaliwa na kuvuliwa," alisema sajini. "Na mashoto naye, mama, ana mkono wa kulia."

Walituruhusu kufika kwenye dirisha la mahabusu kumpa chakula. Dresa wa hospitali alikuwa amemfunga vibao viwili na bendeji, na vidole vilivyojitokeza vilikuwa vimevimba kama mihogo midogo. Mkewe alipenyeza kibuyu kwenye nondo. Alikunywa, akapumzika, akaniona.

"Mpiga picha," alisema. "Nilitoka vizuri?"

Nilimwuliza rungu aliliacha wapi.

"Mezani. Nilitaka kumpiga, Mungu ananiona, nilitaka. Nikaliweka mezani nikachukua ndoo."

"Nani alikuwa mezani?"

"Ningejua? Nilikuwa nimewapa kisogo ili wasione machozi." Kisha alimwambia mkewe jambo kwa Kimeru, na mkewe alimjibu kwa ukali, na akavuta kibuyu.

Katika soko, watu wenye mashati meupe ya mikono mirefu siku ile nilijaribu kuwaandika. Nilikumbuka mshona nguo, wafanyabiashara wawili wa ngozi, shemeji wa dalali, na msimamizi. Nilikwenda sokoni mchana. Msimamizi alikuwa amevaa shati la kaki. Nililiandika hilo pia, bila kuweka neno mbele yake wala nyuma yake. Mtu huweza kuvaa kaki. Aliniona naandika. Alikuja mpaka nilipokaa, akaweka ncha ya kiboko juu ya ukurasa.

"Unaandika nini, Mtanga?"

"Chakula, bwana. Naandika watu wanakula nini."

"Andika na hiki," alisema, na akanichapa usoni mara moja, hapa chini ya jicho, ambapo mpaka sasa nyembe hupaogopa. Watu waliendelea kula.

Dalali alikufa siku ya nne bila kusema neno. Mke wa dalali alikuwa pembeni yake, na alisema kwamba alifumbua macho alfajiri akaomba maji kwa mkono tu, na mkono ukaanguka. Mchana ule ule shemeji zake walivunja banda la nyama wakalichoma moto, na mkataji, ambaye bado alikuwa na homa na hakuwapo siku ya tukio, walimkuta kwake wakampiga mpaka akazirai. Jioni sajini alikuja Kaloleni. Alinisomea karatasi ya Inspekta: mgeni asiye na kazi ya kudumu, amesababisha ghasia, aondoke mjini kwa treni ya kwanza.

"Na mchunaji?" niliuliza.

"Naye anaondoka kwa treni hiyo hiyo. Kesi yake sasa ni ya kuua, inakwenda Moshi."

Stesheni kulijaa watu wa pande zote mbili, na askari waliwatenganisha kwa virungu. Jiwe lilitoka upande mmoja likampiga mchuuzi wa mayai ya kuchemsha, na kapu lake likakanyagwa. Mchunaji alipitishwa katikati. Mkono wa kushoto walikuwa wameufunga kifuani kwa kitambaa, kwa kuwa haukuweza kushikika, na pingu waliitia mkono wa kulia. Sajini aliishika ncha ya pili ya pingu, na kwapani alikuwa na faili. Mke wa mchunaji alikuwa ameshapanda behewa la daraja la tatu, na shati jeupe la kanisani limekunjwa mapajani. Alitaka lipimwe mahakamani dhidi ya picha.

Nilimwendea sajini kwenye mlango wa behewa. "Afande, picha ya pili, ile ya mkono wa kulia, imo humo?"

"Faili limetiwa lakiri," alisema. "Unataka nilipasue nikujibu wewe? Panda treni yako."

Moshi tulishuka sote. Nilikwenda mahakamani asubuhi tatu mfululizo na yule mama, tukakaa kwenye ngazi, mimi na sanduku langu, yeye na shati lake. Asubuhi ya tatu karani alitoka na orodha. Nilimwuliza kama mashahidi wana mpiga picha. Akapitisha kidole juu mpaka chini, akasema hakuna. Nilimwuliza juu ya vielelezo: je, kuna picha?

"Ipo," alisema. "Karatasi moja."

"Ipi?" aliuliza mama.

Karani alikuwa ameshafunga mlango.